Maswali ya Wasomaji: Mkutano Usio na Mgeni Rasmi

Toleo lililopita tuligusia mikutano huria ya huduma za serikali na teknolojia: watu wanafika bila ratiba, wanabandika mada zao wenyewe asubuhi ileile, kisha wanagawanyika kwenye maduara kuzijadili. Tangu hapo ujumbe haujakoma. Tumechagua maswali yaliyojirudia.

Mbona mnatuuzia kitu cha zamani kwa jina jipya? Mabaraza tunayo. (Mstaafu, Bombo)

Shikamoo mzee wetu. Baraza unalolisema, lile la Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda lililoanza 2009, lina kazi yake. Maofisa wanakuja gombolola (eneo la utawala lililo chini ya wilaya), wanasoma fedha zilizoletwa na zilivyotumika, wananchi wanauliza. Upande mmoja una habari, upande wa pili unaidai. Kwa swali kama "fedha za kisima zilikwenda wapi?" hakuna kinachoshinda baraza.

Mkutano huria unafaa pale ambapo hakuna mtu mmoja mwenye jibu zima. Chukua mkulima aliyeshika jembe miaka 40 hata alama za vidole zikalika, na sasa mashine ya kitambulisho inamkataa. Fundi anajua kwamba mashine hupima ubora wa picha ya kidole, na kwamba kidole kikavu husomeka vibaya. Karani anajua anachoruhusiwa kuandika kwenye fomu na asichoruhusiwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anajua ni nyumba ngapi kijijini zina shida hiyohiyo. Binti wa mkulima anajua wamerudishwa mara ngapi na nauli ni kiasi gani. Ukiwaweka duara moja kwa dakika 45, swali lenyewe linabadilika sura. Na anayeongoza duara ni yule aliyelileta swali, hata kama ni yule binti.

Chimbuko lake la kisasa ni Mmarekani Harrison Owen, ambaye mwaka 1985 alianza kuitisha mikutano ya namna hii baada ya kuandaa kongamano kubwa na kuambiwa na wageni kwamba kilichowafaa zaidi ni muda wa chai. Agosti 2005 watu wa kompyuta wa Palo Alto, California, walifanya BarCamp ya kwanza kwa mtindo wa karibu na huo, na Januari 2008 watumishi wa serikali ya Uingereza wanaoshughulikia tovuti walikutana London kwenye mkutano uliozaa UKGovcamp. Ila kukaa duara chini ya mwembe hatukufundishwa na California. Hapo tuko pamoja nawe.

Naandaa mkutano wa watu 80 kwenye shule moja hapa Mbale. Nahitaji nini, na siku iende vipi? (Mwalimu wa kompyuta)

Anza na hesabu, mwalimu. Watu 80 panga kupokea mada 16 hadi 20, yaani mtu mmoja kati ya wanne au watano. Tenga kona 5 na vipindi 4: hizo ni nafasi 20, na kila duara litakuwa na watu kama 16, ambao wanasikilizana bila kipaza sauti. Usishawishike kutumia madarasa 8 kwa kuwa yapo. Duara litashuka hadi watu 10 kwa wastani, na kwa kuwa watu hawajigawi sawa, mawili au matatu yatabaki na mwenye mada na rafiki yake. Madarasa ya ziada yafunge kwa kufuli. Kona si lazima iwe chumba. Veranda inafaa, na kivuli cha mwembe kinafaa zaidi. Ukiweka maduara mawili kwenye ukumbi mmoja, yaachanishe walau mita 8, la sivyo yatashindana kwa sauti.

Saa ziwe hivi. Usajili na chai, saa 2:30 hadi 3:15 asubuhi. Maelezo ya kanuni, dakika 15 tu. Kutangaza mada, saa 3:30 hadi 4:20. Kupanga ubao, dakika 20. Kipindi cha kwanza saa 4:45 hadi 5:30, cha pili 5:40 hadi 6:25. Chakula na swala hadi saa 7:40, kwa sababu adhuhuri ya Mbale inaingia katikati ya hapo na ukiwabana Waislamu kwa dakika 30 utawapoteza hadi kipindi cha nne. Cha tatu 7:40 hadi 8:25, cha nne 8:35 hadi 9:20. Kufunga, na kabla ya saa 10:00 jioni watu wawe njiani. Wa Bududa na Bulambuli wakianza kuchungulia saa kwa ajili ya taksi ya mwisho, mkutano umeshakwisha hata kama ninyi hamjafunga.

Saa inayoharibika mara nyingi ni ile ya kutangaza mada. Wenye mada wapange foleni upande mmoja, kila mmoja akiwa na nusu karatasi ya A4 aliyokwisha kuiandika. Anasema vitu vitatu: jina lake, swali lake, na watu anaowataka kwenye duara. Sekunde 30. Watu 20 ni dakika 10, na kila mada ikirudiwa kwa lugha nyingine ni 20. Dakika 30 zinazobaki zitaliwa na wanaokwenda mbele polepole na wale wasiojua kunyamaza. Mshika saa akae safu ya kwanza akiwa na chupa tupu ya soda na kijiko. Mlio wa chupa haumwaibishi mtu kama anavyoaibika akikatizwa kwa jina.

Wakati wa kupanga ubao, soma kila mada, watu wanyooshe mikono, andika idadi kwenye pembe ya karatasi. Iliyopata zaidi ya 25 inakwenda kona kubwa. Usiunganishe mada mbili kwa kuwa zinafanana, mpaka wenyewe wakubali. Karatasi mbili zinazosema "kitambulisho" huenda moja ni ya kadi zilizopotea na nyingine ya tarehe za kuzaliwa zilizokosewa. Ukiziunganisha, hakuna itakayojadiliwa ikaisha. Kama aliyekuja kutoka ofisi ya vitambulisho ni mmoja tu, zipange saa tofauti ili azifikie zote. Mada zikiruhusu, nafasi mbili za alasiri ziache wazi. Kuna mada huzaliwa kwenye foleni ya chakula, na mara nyingi ni nzuri kuliko za asubuhi.

Vifaa: manila 26, nusu karatasi 100, maka nene 15 za rangi nyeusi na bluu (nyekundu na kijani hazisomeki vizuri kwa mbali), kamba ya mita 10, vibanio vya nguo 40, saa kubwa ya ukutani. Projekta iache ilikotoka. Ikishawashwa, kila mtu anageuka kuangalia upande mmoja na duara limekufa.

Kuhusu chakula, kama ni rolex (chapati iliyoviringwa na mayai), kwa sigiri moja, yaani jiko la makaa, hesabu dakika 3 hadi 4 kwa kila moja. Themanini kwa sigiri moja si chini ya saa nne. Weka sigiri 3 na waanze kukaanga saa 5:00, nanyi mtakula kwa wakati. Mayai mawili kwa kila rolex ni 160: trei 5 hazitoshi, nunua 6.

Mwaka jana tulijaribu, na ilipofika saa tano karatasi zote zilikuwa sakafuni. Ratiba ikapotea. (Kijana wa kikundi, Tororo)

Ukuta uliopakwa chokaa unatoa unga. Selotepu inashika unga, haishiki ukuta, kwa hiyo karatasi inaanguka na unga wake. Pitisha kiganja ukutani kabla ya siku yenyewe. Kikirudi cheupe, sahau gundi. Funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha kwa urefu wa kifua, kamba nne kwa vipindi vinne, na mada zining'inie kwa vibanio kama nguo. Faida ya pili ni kwamba mada ikihamishwa, unahamisha kibanio mbele ya macho ya wote. Na kila ubao ukikamilika, piga picha, uitume kwenye kikundi cha WhatsApp. Upepo ukija, picha ipo.

Nimeelezwa kwamba mtu anaruhusiwa kuondoka katikati ya mazungumzo. Kwetu, mzee akiwa anasema, kuinuka ni dharau. (Mama mfanyabiashara, Busia)

Ni kweli, mama, na wanaoileta kanuni hii bila kufikiri hilo huishia na watu waliokaa kwa adabu wakiwa wamechoka. Owen aliiita sheria ya miguu miwili: kama hapo ulipo hujifunzi na huchangii, miguu yako ikupeleke pengine. Pamoja nayo kuna misemo yake minne: waliokuja ndio waliotakiwa, kilichotokea ndicho pekee kilichoweza kutokea, kinapoanza ndipo wakati wake, na kikiisha kimeisha. Huo wa tatu uusome kwa tahadhari Uganda, maana tuna kipaji cha kuutekeleza hata bila kufundishwa. Mawazo yaanze yanapotaka. Kipindi kianze saa iliyoandikwa.

Kuna njia tatu za kuondoa dharau. Kwanza, anayeitangaza kanuni asubuhi awe mzee mwenyewe, tena aseme, "Hata mimi nikisema, ondokeni." Kijana akiitangaza, haitatumika. Pili, viti vipangwe kama kwato ya farasi, mdomo ukielekea mlango. Anayetoka asilazimike kupita mbele ya mtu. Tatu, na ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, mshika saa agonge chupa kona zote dakika ya 20 na kusema, "Wanaohama wahame sasa." Mtu akiinuka kwa mlio wa chupa, ameitii saa, hajamdharau mzee. Mwenye mada naye aandaliwe mapema. Duara likipungua kutoka 16 hadi 6, hao 6 ndio wenye haja na jambo.

Tulipofungua nafasi ya mada, ukimya. Mwishowe waandaaji wakatoa mada zote wenyewe. (Mwanafunzi, Jinja)

Ukimya wa dakika mbili za mwanzo ni wa kawaida, uacheni upite. Kinachokosewa ni kuujaza. Mwandaaji akitoa mada ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukumbi unaelewa kwamba ratiba ilikuwepo siku zote.

Dawa iko kwenye chai. Saa ya usajili, watu watatu wa kwenu wazunguke na karatasi na maka, wamuulize kila mtu: "Mara ya mwisho ulipokwenda ofisi ya serikali au kutumia huduma yao kwa simu, ulikwama wapi?" Akijibu, aambiwe, "Hiyo ni mada, iandike hapa." Kufikia saa 3:30 kutakuwa na watu kumi walioshika karatasi.

Tatizo lingine ni mada pana. "Serikali ya kidijitali Uganda" itawaleta watu 40 wasiojua waanzie wapi. Mada iandikwe kama swali, na ndani yake kuwe na mtu. Linganisheni na hizi: "Mama asiye na simu yake mwenyewe, pesa za PDM zinamfikiaje?" (PDM ni mpango wa serikali wa kupeleka fedha za maendeleo parishini.) "Mzee wa miaka 82 ambaye kadi inasema 74, anarekebisha wapi ili aingie kwenye SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee?" "Mwenye duka dogo asiye na simu janja anapataje namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato, bila kumlipa mtu wa kioski?" Kila moja inakuonyesha nani akae kwenye duara.

Maofisa wa wilaya watakuja? Na wakija, si watahutubia? Vilevile kuna suala la posho. (Mratibu wa shirika, Arua)

Watakuja wakiruhusiwa. Ofisa wa umma anaogopa kuonekana amesema kwa niaba ya ofisi bila idhini, na woga huo una msingi. Kwa hiyo barua iende kwa CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) wiki tatu kabla, kama ni manispaa iende kwa karani wa mji, nakala kwa RDC (mwakilishi wa Rais wilayani). Ndani ya barua msiombe "mwakilishi". Mkiomba mwakilishi mtaletewa aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Ombeni kwa kazi: karani anayekaa kaunta ya usajili, ofisa wa parishi anayeandikisha vikundi vya PDM, mtu wa kompyuta wa wilaya. Mkuu wa idara anajua sera. Karani wa kaunta anajua ni saa ngapi "netiweki" hupotea na nini hufanyika ikipotea, na hilo ndilo mnalolitaka.

Aandikiwe pia kanuni mtakayoitumia. Nzuri ni ile ya Chatham House ya London, iliyotungwa mwaka 1927: ulichosikia unaweza kukitumia, lakini usitaje nani alikisema wala anatoka ofisi gani. Tahadhari moja: kama chumbani kuna ofisa mmoja tu wa idara fulani, kuficha jina hakumfichi. Leteni wawili au watatu.

Mgeni rasmi ndiye mtihani. Anafika saa 6:00, watu wanasimamishwa, itifaki inasomwa, hotuba inachukua dakika 40 na vipindi viwili vimekwenda. Kumnyima nafasi kabisa ni kujitafutia uadui bure. Mpeni dakika 5 za kufunga na si kufungua, na kazi yake iwe kusoma kwa sauti maswali matano yaliyobaki bila jibu. Viongozi wengi huipenda kuliko tunavyodhani, kwa sababu hawatakiwi kuandaa hotuba.

Posho: semeni wazi kwenye mwaliko, kiasi gani au hakuna. Kinachoharibu ni kunong'ona. Kama kuna fedha, lipeni nauli halisi tu, kiwango kimoja kwa kila umbali, kwa mobile money, baada ya kipindi cha nne. Ukilipa asubuhi, alasiri utajadili na viti. Na karatasi ya kusaini nauli isiwe ndiyo ya mahudhurio. Vikichanganywa, mtasajili watu 120 na kuhesabu 70 kwenye maduara.

Tutumie lugha gani? (Msomaji, Malaba)

Mada iandikwe kwa lugha yoyote, irudiwe kwa Kiswahili wakati wa kutangaza. Ndani ya duara, lugha ya mwenye mada inatawala, na asiyeielewa anakaa karibu na anayeelewa. Msiajiri mkalimani wa ukumbi mzima, anakula nusu ya muda. Ila maneno ya ofisini yafafanuliwe mara ya kwanza tu yanapotajwa. Ofisa akisema "NIN", yaani namba ya kitambulisho cha taifa, kuna anayedhani ni namba ya simu.

Picha na majina ya watu tuyashikeje? Polisi je? (Mhariri wa redio ya jamii, Gulu)

Karatasi ya mahudhurio inayopitishwa mkono kwa mkono, yenye jina, simu na NIN za waliotangulia, ni uvujaji wa taarifa tena mbele ya kila mtu. Kila anayesaini anaweza kuzipiga picha zote. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ukusanye unachohitaji tu, kwa ridhaa na kwa lengo ulilolitaja. NIN huihitaji. Tumia kadi ndogo, moja kwa kila mtu, aitumbukize mwenyewe kwenye sanduku. Asiyetaka picha abandike stika nyekundu kifuani, na wapiga picha wote waambiwe maana yake kabla ya mada ya kwanza. Wewe wa redio, kinasa sauti kisiwake ndani ya duara. Fanya mahojiano nje, baadaye, na anayetaka.

Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma ya 2013 inataja taarifa kwa polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 15 kabla ya mkutano wa hadhara. Kifungu cha 8, kilichowapa polisi uwezo wa kuuzuia mkutano, kilitenguliwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2020. Hata kama wenu ni wa ndani, peleka barua, nakala kwa LC1, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Iwe mezani pa usajili, siyo kabatini.

Tunazungumza vizuri, halafu hakuna kinachotokea. (Mkunga, Soroti)

Kwa sababu kumbukumbu huandikwa kama insha. Kila duara lipewe manila moja yenye mistari minne: *Tuliuliza nini. Tulichogundua. Kisichojulikana na yeyote hapa. Nani atafanya nini, kabla ya tarehe gani.* Anayeandika asiwe mwenye mada, maana hawezi kuongoza na kuandika. Dakika 5 za mwisho ni za mstari wa nne. Kama hauna jina la mtu aliyeko hapo, uache wazi. "Serikali ifanye" si jina la mtu.

Picha za manila zote zitumwe jioni hiyohiyo, hata zikiwa na makosa. Ripoti nzuri itakayotoka baada ya miezi miwili haisomwi.

Mstari wa tatu ndio wenye mali. Kila kisichojulikana ambacho jibu lake liko ofisini, kiandikieni ombi chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005. Ofisi ina siku 21 za kuamua, na ikinyamaza, ukimya huo sheria inauhesabu kuwa ni kukataa, hivyo mna haki ya kusonga mbele na malalamiko. Ombi moja, swali moja. "Tupeni taarifa zote za PDM" litazunguka meza hadi lichakae. "Tupeni orodha ya vikundi vilivyopokea fedha katika parishi yetu mwaka huu wa fedha" lina karani anayeweza kulijibu.

Mvua ikipiga kwenye mabati hatusikilizani hata kidogo. Tufanye nini? (Mwalimu, Kapchorwa)

Msipige kelele, mtaishiwa sauti kabla ya mvua kuishiwa maji. Vunjeni duara la watu 16 kuwa matatu ya watano au sita, magoti yakaribiane, kila duara na karatasi moja katikati, na waandike badala ya kusema: mmoja anaandika swali, wa pili anaandika jibu chini yake, inazunguka. Mvua ikipungua, someni kwa sauti. Wale wasioongea mbele ya watu huandika kurasa nzima, kwa hiyo msiwe na haraka ya kurudi duara kubwa. Kalamu ziwe za kutosha, na za wino usiochujuka kwa maji, maana mabati yenyewe huenda yanavuja.